Rekodi za kielektroniki na misimbo ya magonjwa kwa wagonjwa wa nje: mwongozo kamili kwa zahanati na vituo vya afya

Mgonjwa mmoja mwenye homa anaweza kutoka chumba cha tabibu na msimbo wowote kati ya hii mitatu: R50.9, homa isiyojulikana chanzo; B54, malaria isiyothibitishwa kwa kipimo; au B50.9, malaria ya Plasmodium falciparum isiyotajwa madhara. Kompyuta inaikubali yote bila kunung'unika. Lakini ripoti ya mwezi, dai la bima, maombi ya dawa ya robo ijayo na tabibu atakayempokea mgonjwa huyo wiki mbili baadaye watasoma habari tatu tofauti.

Mwongozo huu ni wa tabibu, muuguzi, mpokezi na mtunza kumbukumbu katika zahanati, kituo cha afya au polikliniki ya Tanzania inayotumia ICD-10, yaani orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, iwe kwenye GoTHOMIS, mfumo wa serikali wa rekodi za vituo vya afya, au mfumo mwingine. Kanuni inayobeba kila hatua ni hii: andika uhakika ulionao, si ule unaoutamani. Msimbo hufuata maneno ya tabibu. Maneno hayafuati msimbo.

1. Dirishani: hakikisha ni nani

Makosa ya gharama kubwa hutokea kabla tabibu hajagusa kibodi. Mpokezi akimfungulia faili jipya mtu ambaye tayari ana faili, mzio wa penisilini ulioandikwa mwaka jana unabaki kwenye faili la zamani ambalo hakuna atakayelifungua tena.

Tafuta kwanza, sajili baadaye. Anza na namba ya faili, kisha namba ya NIDA, kisha simu, na jina liwe la mwisho. Kwa jina, andika herufi tatu au nne za mwanzo tu na ujaribu maandishi mbadala: Mohamed na Muhammad, Halima na Harima, Zuhura na Zuhra. Ukilipata faili, usimuulize "Wewe ni Halima Juma?", maana mtu aliyechoka na homa ataitikia jina lolote. Mwombe ayataje mwenyewe majina matatu na tarehe ya kuzaliwa, kisha linganisha kitu kingine kimoja zaidi, kama kijiji au jina la mama.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo inakagua umri papo hapo. Mtoto mara nyingi hana namba hiyo. Mfungamanishe na faili la mama. Simu isaidie kutafuta lakini isiwe kitambulisho, kwa kuwa laini moja hutumiwa na nyumba nzima. Mapacha ndio mtego mkubwa kuliko yote: Kulwa na Doto wana mama mmoja, simu moja na tarehe moja. Weka alama ya tahadhari kwenye mafaili yote mawili siku ileile ya kusajiliwa.

Umri uandikwe kwa tarehe, si kwa "miaka 0". Ripoti za MTUHA, mfumo wa taifa wa taarifa za huduma za afya, hutenga mtoto wa chini ya mwezi 1, wa chini ya mwaka 1 na wa chini ya miaka 5, na mfumo hauwezi kuwatenganisha bila tarehe. Asiyejua siku yake, weka mwaka wa makadirio na tarehe 1 Julai, kisha weka alama ya "kadirio". Julai iko katikati ya mwaka, kwa hiyo ukiupata mwaka sawasawa hutakosea kwa zaidi ya nusu mwaka.

Ukigundua mafaili mawili ya mtu mmoja, usiyaunganishe mwenyewe katikati ya foleni. Kazi hiyo ibaki kwa mtu mmoja aliyeteuliwa, ifanywe baada ya kulinganisha angalau vitu vitatu, na namba ya zamani iendelee kupatikana kwenye utafutaji.

2. Chumba cha vipimo vya awali

Hapa kosa ni la nukta. Mtoto wa kilo 8.5 akiingizwa kama 85, paracetamol ya miligramu 15 kwa kilo inapanda kutoka miligramu 127.5 hadi 1,275, na mfumo wenyewe ndio unaopiga hesabu hiyo. Mwagize msimamizi wa mfumo aweke mipaka: joto chini ya 30 au juu ya 43 likataliwe, na uzito usiolingana na umri ulete onyo linalohitaji kuthibitishwa. Presha iwe na visanduku viwili vya namba, si kimoja cha maandishi ambamo "140/90" haiwezi kuchorewa mwenendo. Sukari ifungwe kwenye kizio kimoja. Mashine moja husoma mmol/L na nyingine mg/dL, na 1 mmol/L ni sawa na 18 mg/dL. Thamani ya 7 na ya 126 ni sukari ileile.

3. Maelezo ya tabibu

Mpangilio wa sehemu nne ulioenezwa na daktari Lawrence Weed wa Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 bado ndio unaofaa: anachosema mgonjwa, ulichokiona na kupima, tathmini yako, na mpango.

Sehemu ya kwanza ibaki kwa maneno ya mgonjwa na muda wake: "homa siku 3, ametapika mara 4 tangu jana." Kuandika "malaria" hapo ni kuamua kesi kabla ya kusikiliza shahidi. Sehemu ya pili ionyeshe pia usichokikuta ambacho kina uzito: shingo si ngumu, hapumui haraka, anakunywa. Anayeisoma rekodi miezi sita baadaye hawezi kutofautisha kitu usichokikuta na kitu usichokiangalia.

Tahadhari na kitufe cha kunakili maelezo ya hudhurio lililopita. Kinaokoa dakika mbili, lakini huzalisha mafaili ambamo mjamzito wa wiki 20 anabaki wiki 20 kwa miezi mitatu. Nakili orodha ya dawa ukitaka; malalamiko na matokeo ya uchunguzi yaandikwe upya kila mara.

Mifumo mingi ina utambuzi wa aina mbili: wa awali, kabla ya majibu ya maabara, na wa mwisho. Tatizo sugu ni kwamba wa awali haubadilishwi. Mgonjwa anapewa "malaria" ili fomu ya maabara itoke, mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) inarudi hasi, tabibu anabadilisha dawa lakini hagusi utambuzi. Mwisho wa mwezi malaria imepanda kwenye takwimu ilhali dawa mseto imebaki kwenye rafu. Dawa ya hili ni mpangilio wa mfumo, si mawaidha: hudhurio lisifungike mpaka utambuzi wa mwisho uchaguliwe baada ya majibu kusomwa, na kipimo kiweze kuagizwa kwa dalili tu, kwa mfano R50.9.

4. Orodha ya matatizo ya kudumu

Kwa mgonjwa wa presha, sukari, pumu, selimundu au kifafa, msimbo wa leo hautoshi. Anahitaji orodha inayoonekana kila faili linapofunguliwa: tatizo, mwaka lilipoanza, msimbo, hali yake ya sasa. Anayefaidika zaidi ni tabibu mgeni wa zamu ya usiku.

Orodha inaharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuweka kila kitu, hadi mafua ya Machi yamesimama sambamba na kisukari. Weka yale tu yatakayobadilisha maamuzi mwaka kesho. Ya pili ni kutoifuta. Tatizo lililokwisha lihamishwe kwenye historia, lisitupwe. Mzio una mahali pake pekee, na uandikwe dawa, kilichotokea na lini. "Mzio: dawa" haimsaidii mtu.

5. Kutafuta msimbo

ICD-10 ina sura 22 na vitabu vitatu: orodha ya misimbo, maelekezo, na faharasa ya alfabeti. Toleo la mtandaoni la Shirika la Afya Duniani ni la bure. Fuata hatua hizi:

a) Andika utambuzi kwa maneno kamili kabla ya kufungua utafutaji.
b) Tafuta kwenye faharasa kwa jina la ugonjwa, si kwa kiungo. Faharasa ni ya Kiingereza na haizijui vifupisho vya kwetu kama HTN (presha) au PUD (vidonda vya tumbo). Andika jina zima.
c) Usiishie kwenye faharasa. Fungua orodha ya misimbo usome kilichojumuishwa na kilichoondolewa chini ya msimbo huo. Maneno ya kuondoa ndiyo yanayokuambia kuwa uko nyumba isiyo yako.
d) Shuka hadi tarakimu ya nne kama ipo. J18 pekee haijakamilika, J18.9 ndiyo nimonia isiyotajwa aina. I10, msimbo wa presha, haina tarakimu ya nne, kwa hiyo usiibunie.
e) Chagua utambuzi mkuu.

Kwa hatua ya mwisho kuna kanuni ya Shirika la Afya Duniani: utambuzi mkuu ni hali iliyojulikana mwishoni mwa huduma ambayo ndiyo hasa iliyomfanya mgonjwa ahitaji matibabu au uchunguzi. Zikiwa zaidi ya moja, ni ile iliyotumia rasilimali nyingi zaidi. Ikiwa ugonjwa haukupatikana, dalili kuu ndiyo utambuzi mkuu, na hakuna aibu. Sura ya R iliwekwa kwa kazi hiyo.

Jambo linalowashangaza wengi: kitabu cha maelekezo kinasema kwamba utambuzi unaoshukiwa, kama hakuna taarifa zaidi mwishoni mwa huduma, unapewa msimbo kana kwamba umethibitishwa. Alama yako ya kuuliza haina pa kukaa ndani ya msimbo. Ukiandika "? TB", mtunza kumbukumbu ana haki ya kuweka A16.2, na mgonjwa wa kikohozi cha wiki tatu anaingia kwenye takwimu za kifua kikuu. Andika R05, kikohozi, na shuku yako iweke kwenye mpango: "makohozi yapimwe." Kipimo kikithibitisha kwa hadubini, ni A15.0. Mgonjwa akichunguzwa kwa shuku, ugonjwa usipatikane wala asiwe na dalili ya kueleza, kuna Z03.

Usichanganye familia za misimbo. ICPC, iliyotungwa mahsusi kwa madaktari wa familia na kutumika nchi kama Norway, ina misimbo inayofanana kwa sura na ya ICD-10. R05 ni kikohozi kwenye zote mbili, jambo linalompa mtu imani ya bure. K86 ni presha kwenye ICPC-2 lakini ni magonjwa ya kongosho kwenye ICD-10. Kuhamisha data kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine kunahitaji jedwali la ulinganisho, si kunakili safu. Angalia pia herufi O na sifuri, herufi I na moja: "JO6.9" si J06.9 (maambukizi ya njia ya juu ya hewa), na dai lake litarudi. ICD-11, iliyoanza kutumika kimataifa Januari 2022, imeacha kabisa herufi hizo mbili kwenye misimbo yake.

6. Kesi zinazokosewa kila siku

Malaria. Tangu 2010 mwongozo wa dunia ni kupima kila anayeshukiwa kabla ya kutibu, kwa hiyo B54 ibaki kwa siku ambayo kweli hakukuwa na kipimo. Yenye dalili za ubongo ni B50.0, kali ya aina nyingine ni B50.8. mRDT inayotafuta protini ya HRP2 inaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Aliyetibiwa siku kumi zilizopita akirudi na homa na mRDT chanya, agiza kipimo cha hadubini kabla ya kuandika malaria mpya.

Degedege. Ni maelezo ya mzazi, si utambuzi. Mshtuko wa mwili kwa sababu ya homa tu ni R56.0. Ukiwa sehemu ya malaria ya ubongo, ni B50.0. Usiandike vyote viwili kana kwamba ni magonjwa mawili.

Vidonda vya tumbo. Wengi wanaoingia na neno hilo mdomoni hawajawahi kupimwa kwa kamera. Bila uthibitisho, K27 ni dai usiloweza kulitetea. Maumivu ya juu ya tumbo ni R10.1, na tumbo kuvurugika bila kidonda kilichoonekana ni K30.

UTI na taifodi. N39.0 ihitaji mkojo uliopimwa. Maumivu ya kukojoa bila majibu ni R30.0. Kipimo kimoja cha damu cha Widal kilichopanda hakitoshi kusimamisha A01.0, taifodi, peke yake, maana katika maeneo yenye maambukizi ya mara kwa mara watu wengi wana viwango hivyo wakiwa wazima.

Presha. Kipimo kimoja cha 160/100 kwa mtu aliyetoka kupanda kilima ni R03.0, yaani presha iliyosomeka juu bila utambuzi. I10 iandikwe baada ya vipimo vya siku tofauti kuonyesha 140/90 au zaidi, au kama tayari ni mgonjwa anayejulikana. Ikiwa moyo umeshindwa kwa sababu ya presha, I11.0 inachukua nafasi ya I10, haziandikwi pamoja.

Kisukari. Insulini haimfanyi mtu kuwa wa aina ya kwanza. Mzee wa miaka 62 aliyehamishiwa insulini bado ni E11, aina ya pili, si E10. Tarakimu ya nne ndiyo yenye faida: E11.9 hana madhara, E11.4 ana madhara ya mishipa ya fahamu, E11.5 ya mzunguko wa damu, E11.2 ya figo. Kituo chenye E11.9 tupu hakiwezi kuonyesha kwamba kinahitaji kliniki ya miguu.

Mjamzito. Sura ya O inatangulia karibu zote. Malaria kwa mjamzito ni O98.6 kwanza, kisha B50.9; upungufu wa damu O99.0, maambukizi ya njia ya mkojo O23.4. Presha aliyokuja nayo kabla ya mimba ni O10.0, iliyoanza ndani ya mimba bila protini kwenye mkojo ni O13. Z33 itumike pale tu mimba isipohusika na tatizo, kwa mfano kidonda cha kidole.

Majeraha. Yanahitaji misimbo miwili: jeraha lenyewe na kilicholeta. Abiria wa bodaboda mwenye jeraha wazi la mguu chini ya goti ana S81.9 pamoja na msimbo wa kundi la V20 hadi V29. Sababu ya nje haiwi utambuzi mkuu hata siku moja. Aliyeumwa na mbwa: jeraha, W54, na Z24.2 akija kuchanjwa kichaa cha mbwa.

Wasio wagonjwa. Kliniki ya wajawazito ni Z34, uzazi wa mpango Z30, kuchukua dawa zilezile Z76.0. Kuwapa ugonjwa ili mfumo ukubali ni kuharibu takwimu kwa kazi ya sekunde tano.

Orodha fupi ya misimbo inayotumika sana ni msaada, mradi isizidi 60 hivi na ipangwe kwa alfabeti. Ikipangwa kwa wingi wa matumizi, J06.9 inakaa juu kabisa na kila mwenye foleni ndefu anaibonyeza; kesho yake inazidi kukaa juu.

7. Dai la bima

Mkaguzi wa madai anasoma mstari mmoja: utambuzi, kipimo, dawa, tarehe. Vikikubaliana, dai linapita. Sababu za kurudishwa ni zilezile: dawa isiyo na utambuzi unaoilingana, kipimo bila sababu, msimbo wa uzazi kwa mwanamume, tarehe ya huduma iliyotangulia usajili. Mgonjwa mwenye presha aliyekuja kwa kuharisha na akaongezewa dawa za presha anahitaji A09 na I10 zote mbili. Ukiandika moja, nusu ya dawa inakosa mwenyewe. Kinyume chake, kuongeza ugonjwa asiokuwa nao ili dawa ipite ni udanganyifu, na ugonjwa huo wa karatasi utamfuata hadi hospitali ya rufaa.

8. Kurekebisha, kukatika umeme, siri

Rekodi haifutwi. Kosa lisahihishwe kwa nyongeza yenye tarehe, jina na sababu, na maandishi ya awali yaendelee kusomeka. Ukiandika kwenye faili la mtu mwingine, batilisha maelezo hayo hapo, yaandike upya mahali pake, na wajulishe maabara na duka la dawa kabla vidonge havijatoka.

Umeme ukikatika, tumia fomu za karatasi zenye namba mfululizo zilizochapishwa mapema, angalau 50 kila chumba. Ziingizwe ndani ya saa 24 kwa tarehe ya huduma, si ya kuingiza, na namba zihesabiwe: fomu 31 zilizotumika, mahudhurio 31 mfumoni. Nakala za akiba ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja nje ya jengo. Kila robo mwaka jaribu kuirudisha moja kwenye kompyuta tupu. Nakala isiyowahi kurudishwa ni matumaini tu.

Kila mtu awe na nywila yake. Zamu nzima ikitumia jina moja, hakuna anayejua nani alibadilisha dozi. Dirisha la mapokezi lione jina, umri na bima. B20 na Z21, misimbo ya VVU, zisionekane hapo wala zisichapishwe kwenye cheti cha mapumziko. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti, na picha ya skrini iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp "kwa ushauri" nayo inaguswa.

9. Ukaguzi wa mwezi

Chukua mahudhurio 20 bila kuchagua, kwa mfano kila la 40 kwenye orodha. Kwa kila moja uliza: maneno ya tabibu yanalingana na msimbo? Kipimo kinaunga mkono? Dawa inaeleweka? Hesabu yasiyolingana kwa sababu, si kwa jina la mtu.

Kisha tazama picha pana. B54 nyingi kuliko B50.9 wakati mRDT zilikuwepo: utambuzi wa awali haubadilishwi. B50.9 nyingi kuliko mRDT chanya za maabara: mtu anatibu hasi. J06.9 kupita theluthi ya mahudhurio yote: chungulia orodha fupi. R69, yaani ugonjwa usiojulikana, ikitokea zaidi ya mara chache: mtu anajaza kisanduku ili afunge hudhurio. Hakuna msimbo wowote wa V hadi Y ilhali kituo kiko kando ya barabara kuu: majeraha yanaandikwa nusu. Linganisha pia idadi ya mahudhurio ya kwanza ya mwaka na idadi ya mafaili mapya. Tofauti isiyoelezeka huelekeza kwenye usajili wa mara mbili, na hapo unarudi dirishani kwa mpokezi, si kwa tabibu. Fanya haya kabla takwimu hazijaingizwa DHIS2, mfumo wa kielektroniki wa ripoti za afya, kwa sababu baada ya hapo kusahihisha huwa kugumu zaidi.